Dobrusha Aliyemlea Mwana wa Mkuu Ugenini

Dobrusha alizaliwa zizini, wala hakuona haya kulisema. Mama yake, Stana, alikuwa akikamua kondoo kwenye malisho ya juu ya mlima Dinara uchungu ulipomshika. Akajifungua juu ya majani makavu, na jioni ile ile jibini likagandishwa kama siku zote.

Watu wa huko juu wana midomo. Wanaishi kwa kuitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine, na salamu isiyo na kejeli ndani yake huiona kama uji usiotiwa chumvi. Dobrusha alikulia katika maneno hayo, akawashinda waliomfundisha. Alipoolewa, aliolewa na mchungaji mpole aitwaye Vukoje, mtu asiyeweza kumjibu hata neno moja, na kwa hilo hilo akampenda.

Majira yao ya pili ya baridi, Vukoje alitoka kumtafuta kondoo aliyepotea, akateleza kwenye barafu, wakamrudisha kwa machela, amekwisha kufa. Mtoto wao wa kike alizaliwa wiki chache baadaye, naye hakumaliza mwezi. Dobrusha akabaki na matiti yaliyojaa na nyumba tupu. Majirani walikuja, wakakaa kimya, wakaondoka, maana mlimani watu wanajua kutania kuliko kuliwaza.

Wakati huo, kwenye ngome iliyo juu ya mto Krka, mke wa Mkuu Vitodrag alikuwa amefariki kwa uzazi. Mtoto alikuwa hai na alilia kutwa. Wanawake wawili walikwisha kujaribu kumnyonyesha, akawakataa. Wajumbe wakapanda hadi malishoni kutafuta mwanamke mwenye maziwa. Stana hakumuuliza binti yake kama anataka. Alimfunga shali, akamsogeza mlangoni.

"Nenda. Yupo anayekulilia huko, na wewe unamlilia mtu hapa. Kalieni pamoja."

Alipoingizwa ukumbini, Dobrusha alimkuta Mkuu mwenyewe akizunguka huku na huku na mtoto mikononi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kovu shavuni. Askari walikuwa wamesimama ukutani wakijifanya hawaoni.

"Unamshika kama jogoo anayekwenda kuchinjwa," Dobrusha alisema.

Askari wakatazama miguu yao.

"Basi mshike wewe," alisema Vitodrag. "Nimejaribu kila kitu. Nimemwimbia hata nyimbo."

"Umemwimbia wewe? Basi ndicho anacholilia."

Vitodrag akacheka, kicheko kikubwa kilichowashtua hata mbwa. Mtoto naye alishtuka, akanyamaza ili asikilize, na kabla hajakumbuka kulia tena alikuwa kifuani kwa Dobrusha, akinyonya kama mtu aliyetoka safari. Dobrusha aliketi pale pale sakafuni. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa machozi yale ya nyumbani.

Mtoto aliitwa Desimir. Dobrusha alimwita Desa.

*

Mkuu Vitodrag alitawala kutoka milimani hadi pwani, lakini juu yake alikuwepo Kaisari wa Wafranki, na kati yake na Kaisari alikuwepo liwali aliyekaa Friuli, mbali upande wa kaskazini. Kila mwaka zawadi zilipelekwa, na Kaisari alipokwenda vitani, Vitodrag alikwenda na watu wake. Mambo yalikwenda hivyo bila taabu, mpaka mtawala mmoja jirani alipowaasi Wafranki. Wafranki wakamshinda, na tangu hapo wakawa hawamwamini mtu yeyote wa upande huu.

Desa alikuwa na miaka sita wajumbe wa liwali walipokuja. Walikula, wakasifu nyama, kisha wakasema kwamba liwali angependa kumlea mwana wa Mkuu katika nyumba yake, pamoja na watoto wa watu wakubwa. Jambo hilo waliliita kulea. Kila mtu ukumbini alijua kwamba mtoto anachukuliwa dhamana.

Kesho yake asubuhi Vitodrag alimfuata Dobrusha kwenye chumba cha jibini cha ngome, alikofanya kazi siku hizo. Ilikuwa si kawaida yake kuingia humo, ikambidi ainame.

"Nikikataa watakuja na jeshi, na mashamba ya watu yataungua," alisema. "Nikikubali, atarudi mtu mzima asiyenijua."

"Atakwenda na nani?"

"Wameruhusu mtu mmoja. Mzee Prvoneg anataka nimpeleke mwanawe, kijana wa ukoo mkubwa, anayejua upanga."

"Na huyo mwenye upanga anajua kwamba Desa hali kitunguu kibichi? Anajua kwamba akiota vibaya anataka kukunwa mgongo, tena upande wa kushoto?"

Vitodrag alishika rafu ya jibini kama anayeikagua.

"Nilikuwa nangoja useme hivyo," alisema. "Sikuthubutu kukuomba. Wewe hujawahi kuvuka hata mto Zrmanja."

"Mkuu mzima unamwogopa mwanamke wa jibini," alisema Dobrusha, akajifuta macho kwa aproni.

"Nirudishie mtu ambaye watu wa hapa watamwelewa. Hilo tu."

Wakaondoka majani ya miti yakianza kupukutika. Desa alipanda mbele ya askari wa Kifranki, akifurahia farasi. Dobrusha alikuwa nyuma juu ya nyumbu, akimtukana nyumbu njia nzima, maana ndiye pekee aliyeelewa.

*

Friuli palikuwa mahali pazuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Nyumba zilikuwa za mawe, mvinyo ulikuwa mtamu, na liwali alikuwa mtu mwenye adabu aliyewatendea watoto wote sawa. Padri Teudaldi aliyewafundisha kusoma alikuwa mzee mpole, mwenye desturi ya kusinzia katikati ya zaburi, nao watoto walimpenda. Desa alijifunza upesi. Alipata marafiki, akapata mbwa. Majira ya pili ya baridi alikuwa akizungumza lugha ya pale hata usingizini.

Siku moja adhuhuri aliingia jikoni akikimbia, akanyoosha mkono kwa Dobrusha.

"Nipe ile… ile nyeupe," alisema, kisha akakwama. Alilitafuta neno, akalikosa, akalisema kwa lugha ya kigeni.

Alikuwa amesahau jibini. Mtoto aliyekuzwa ndani ya chumba cha jibini.

Dobrusha alishika tama. Jioni alimwimbia nyimbo za kwao, mtoto akalala. Kesho yake alimsimulia habari za mbwamwitu wa Dinara, mtoto akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa dirishani. Alimwuliza maswali, akajibiwa kwa "ndiyo" na "hapana". Siku kadhaa zikapita hivyo, mpaka subira ikamwishia.

"Mfalme wa vyura wewe," alimwambia kwa sauti ya mlimani, ile ya kufika ng'ambo ya bonde. "Jibini umelisahau. Bado kidogo utasahau matako yako, utakalia kichwa."

Desa akageuka. Uso wake ulikuwa umeamka.

"Na wewe," alianza, akatafuta maneno. "Na wewe una pua kama figili."

"Figili gani?"

"Figili iliyooza."

"Iliyooza kiasi gani?"

Mtoto alifikiri kwa bidii kuliko alivyowahi kufikiri mbele ya Padri Teudaldi. "Iliyooza mpaka nguruwe akaiona akasema, asante, nimeshiba."

Dobrusha alimkumbatia, akambusu kichwani mara nyingi, na Desa, asiyejua alichofanya cha ajabu, akaomba tena ile nyeupe, na safari hii akaitaja kwa jina lake.

Tangu siku hiyo wakawa wanatukanana kila asubuhi. Dobrusha alikuwa amegundua kwamba mtoto anaweza kuupokea wimbo au hadithi kimya kimya, lakini tusi zuri ni lazima alijibu, na ili alijibu lazima atafute maneno. Akampa yote aliyokuwa nayo: ya kondoo, ya mbuzi, ya hali ya hewa, ya wakwe. Desa aliyarudisha yakiwa na nyongeza. Waliitana kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, kisha wakacheka na kwenda kula.

Ng'ambo ya uwanja huo palikuwa na tanuri la mikate, na mwokaji wake aliitwa Gaido. Alikuwa mjane, mnene, mwenye unga hata kwenye kope. Kila asubuhi aliwasikia yule mwanamke wa kigeni na mtoto wakirushiana maneno yale, na kwa kuwa waliishia kukumbatiana, Gaido aliamini kwamba ni maneno ya mapenzi. Akayashika moja moja. Akayafanyia mazoezi mbele ya tanuri.

Kisha asubuhi moja alimvukia Dobrusha na mkate wa moto mkononi, akavua kofia, akasema kwa upole, kwa lugha ya Dinara, kila silabi mahali pake:

"Umeamkaje, ewe kondoo jike mwenye upele."

Dobrusha alilazimika kukaa kwenye beseni la kukandia unga. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwa amecheka hivyo tangu Vukoje alipofariki, na alipotambua hilo, akacheka tena.

"Nimekosea matamshi?" Gaido aliuliza kwa lugha yake.

"Hapana. Ongeza sauti tu."

Akaendelea kumsalimia hivyo kila asubuhi, kwa miezi, na Dobrusha akawa anamwitikia kwa heshima, "Na wewe pia, pipa la usaha." Mwishowe Desa ndiye aliyemwonea huruma, akamfuata mwokaji tanurini, akamfafanulia. Gaido alisikiliza hadi mwisho. Aliweka koleo lake la mikate chini, akavuka uwanja.

"Kwa hiyo miezi yote hii nakuita kondoo mwenye upele, nawe unaniita pipa la usaha."

"Ndiyo," alisema Dobrusha, na kwa mara ya kwanza aliogopa kidogo.

"Na bado unakuja kuchukua mkate kwangu kila asubuhi, wakati jikoni kwenu mna mkate."

Dobrusha hakuwa na jibu. Yeye, binti wa Stana, alikosa jibu.

"Basi nadhani tumeelewana," alisema Gaido.

Alipomposa, Dobrusha alimweleza mapema. "Mimi si wa hapa. Siku Desa atakapoitwa kwao, narudi naye. Sitamwacha njiani kwa ajili ya mume."

"Huko kwenu wanakula mikate?"

"Wanakula uji wa uwele. Na mikate ya kuchoma chini ya majivu, migumu kama kwato."

Gaido alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Basi wananihitaji," alisema.

Padri Teudaldi aliwafungisha ndoa, akasinzia kidogo katikati, na Desa akamgusa kiwiko ili amalizie.

*

Miaka ikapita, ikawa mingi. Desa akawa Desimir, kijana mrefu aliyenyolewa kidevu kama Wafranki na kukatwa nywele usawa wa masikio. Mkuu Vitodrag akazeeka, miguu ikamvimba, akaomba mwanawe arudishwe. Hakuwa amevunja kiapo hata siku moja, na Kaisari akakubali. Desimir akapiga magoti mbele ya liwali, akaapa utii, akapewa upanga wenye mshipi wa fedha, na siku iliyofuata msafara ukaondoka kwenda kusini. Gaido alikuja na koleo lake pamoja na chungu cha chachu alichokipakata mapajani njia nzima kama mtoto.

Walipoishuka milima ya Velebit, Dobrusha alisikia harufu ya mimea ya kwao iliyochomwa na jua. Desimir alisogeza farasi wake karibu.

"Mama, kesho nitasimama mbele ya wazee wa koo zote. Hapa kwetu watu wakubwa wanaongeaje barazani? Wanaanza na neno gani?"

Maishani mwake Dobrusha hakuwahi kukaa kwenye baraza la wazee. Alikuwa amempa kijana huyu lugha nzima ya zizini, lakini ya ukumbini hakuwa nayo ya kumpa, na wala hakuwahi kulifikiria hilo mpaka dakika ile.

"Sema kama unavyosema siku zote," alimjibu.

Baraza lilikuwa kwenye uwanda chini ya ngome. Wazee walikaa mbele, kila mmoja na watu wake, na nyuma yao walisimama wachungaji, wanawake, na kila aliyeweza kuacha kazi. Vitodrag alibebwa kwa kiti. Alimtazama mwanawe akishuka farasini katika nguo zile za kigeni, na kila mtu aliona jinsi mzee alivyokuwa akimtafuta mtoto wake ndani ya yule kijana bila kumpata.

Mzee Prvoneg alikuwa amekaa mstari wa mbele, ndevu zikimfika kifuani. Miaka yote alikuwa hajasahau kwamba mwanawe hakupelekwa. Akamwinamia jirani yake, akanong'ona ule mnong'ono unaosikika hadi nyuma kabisa:

"Kidevu kama yai. Tutafute mkalimani, la sivyo hatajua hata kumwambia mbwa aondoke."

Desimir alikuwa tayari kuanza hotuba aliyoiandaa. Alisimama, akageuka. Na yule aliyejibu alikuwa mtoto wa uwanja wa Friuli, kwa sauti ya wanawake wa Dinara, ya kufika ng'ambo ya bonde.

"Mzee Prvoneg, mkalimani wa nini? Wewe ukinong'ona tu, kondoo wa ng'ambo ya mto wanazaa kabla ya siku zao. Na kidevu changu kiache, kitaota. Chako kimeota maisha yote, na bado hakijafaulu kuuficha uso."

Dobrusha alifumba macho.

Kisha huko nyuma mwanamke mmoja wa malishoni akapasuka kwa kicheko, na mwingine, na wachungaji wote wakafuata wakishikana mabega. Wazee walijaribu kuzuia. Mmoja akaficha uso kwenye kofia. Desimir alitazama huku na huku, masikio yamekuwa mekundu, akamtafuta Dobrusha kati ya watu.

"Nimekosea?" aliuliza, mbele ya kila mtu.

"Hujakosea," alisema Dobrusha. "Umesema kama bibi yako Stana."

Prvoneg alikuwa amewiva uso mzima. "Nani aliyemfundisha huyu kuongea?"

"Mama yangu, yule pale," alisema Desimir.

"Nilidhani ni mbuzi."

"Mbuzi tulimwomba kwanza," alisema Dobrusha, kwani hakuweza kujizuia, "akakataa. Alisikia unatafuta mke, akakimbilia msituni."

Prvoneg alimkodolea macho. Ndevu zake zikaanza kutikisika, na ikachukua muda watu kutambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akamwegemea jirani yake. Vitodrag naye alikuwa akicheka kile kicheko chake cha zamani, machozi yakimshuka kwenye kovu. Akajiinua kitini kwa miguu yake mibovu, akakataa kushikwa, akatembea mwenyewe hadi kwa mwanawe.

Baada ya kumkumbatia kwa muda mrefu alimgeukia Dobrusha.

"Nilikuomba mtu ambaye watu watamwelewa. Umeniletea mtu ambaye hakuna atakayeweza kumnyamazisha."

"Usinilaumu mimi," alisema Dobrusha. "Nilimchukua kwako akipiga kelele."

Kondoo walichomwa hadi giza likaingia, na pombe ya asali ikaletwa kwa mapipa. Prvoneg alikaa karibu na Desimir usiku kucha, akimjaribu kwa tusi baada ya tusi, na kila aliposhindwa alimjazia kikombe.

*

Asubuhi Dobrusha alimchukua Gaido, wakapanda mlimani. Njia nzima aliogopa kuuliza chochote kwa waliowapita, asije akaambiwa kwamba mama yake hayupo tena.

Stana alikuwa nje ya zizi, ameketi kwenye gogo, akikamua. Macho yake yalikuwa yamefifia, mikono bado ilikuwa na nguvu. Alizisikia hatua, akainua kichwa, akasikiliza pumzi.

"Umechelewa," alisema. "Wote nimekwisha kuwakamua, amebaki huyu."

Dobrusha akapiga magoti kwenye majani, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, na Stana akaendelea kukamua kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye nywele za binti yake.

"Huyu anayehema kama fahali ni nani?"

"Mume wangu, mama. Mwokaji mikate."

"Lete mkono," alisema Stana. Gaido akautoa. Bibi akauminya kidole kwa kidole, kama anayekagua kwato. "Laini. Hajawahi kushika kondoo."

"Nitajifunza, mama," alisema Gaido kwa lugha ya Dinara, polepole, kwa adabu nzuri aliyofundishwa na Desimir.

"Mbona anaongea kama padri?" Stana alimwuliza binti yake. "Huyu hukumfundisha kitu?"

Gaido alijenga tanuri chini ya ngome. Mikate yake ya kwanza ilitoka bapa, kwa sababu unga wa uwele haukubali kuumuka, na watu wakaipigia makelele kwa furaha muda wote wa mavuno. Mwaka uliofuata Desimir alimpa kipande cha shamba la ngano, na makelele yakapungua. Dobrusha, aliyekwisha kukata tamaa ya kuzaa tena, alijikuta mjamzito, akapata binti mwenye nyusi za Gaido na mapafu ya Stana.

Vitodrag alifariki kitandani kwake kwa amani, na Desimir akawa Mkuu. Zawadi za Kaisari zilikwenda kila mwaka, na wajumbe walipokuja aliwapokea kwa lugha yao, kwa adabu zote za Friuli, wakaondoka wameridhika. Wakishaondoka alivua mshipi wa fedha, akapanda farasi kwenda malishoni ambako Dobrusha alikuwa akikaa na mama yake na mtoto majira yote ya joto. Wanawake walimwona akiwa bado mbali bondeni. Walisimama wote ukingoni, wakaweka mikono mdomoni, wakaanza kumtukana kwa zamu, naye akawa anawajibu huku anapanda.